Flashi ya kikundi imepotea: je, naweza kuifuta kutoka mbali?

Swali: "Habari za kazi, fundi. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Morogoro, tuko wanachama 64. Alhamisi jioni nilipita steshenari kuprinti taarifa ya mwezi, nikapanda daladala, kufika nyumbani flashi sina. Ndani kuna jedwali la wanachama wote: majina, namba za simu, namba za NIDA, wadhamini na salio la mkopo la kila mmoja. Kuna pia picha za vitambulisho vyao, vyeti vyangu na picha za watoto wangu. Jedwali lina nywila, folda ya vitambulisho niliificha, na vitu vingine nilishavifuta zamani. Je, naweza kuifuta kutoka mbali kama simu? Mwenyekiti anasema tunyamaze tu, labda imeshakanyagwa na gari. Naomba ushauri, silali."

Jibu: Pole sana, dada. Nianze na hilo la kufuta kutoka mbali: haiwezekani. Simu hutafutwa na kufutwa kwa sababu ina betri, ina laini na inaingia mtandaoni yenyewe. Flashi ni kipande cha kumbukumbu kilicholala mpaka kichomekwe mahali, na kikichomekwa hakimuulizi mtu yeye ni nani. Hakuna programu ya kuifuata iliko. Akitokea mtu akakwambia umtumie elfu thelathini akufutie, huyo ndiye tapeli wa kwanza katika kisa hiki.

Na hilo gari la mwenyekiti lisikupe usingizi wa bure. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilipoteza flashi yenye mishahara ya watu wa ofisi nzima, nikaitafuta siku tatu, ikaja kuonekana kwenye mfuko wa suruali iliyokwisha kufuliwa, kusuuzwa na kuanikwa. Nikaiacha ikauke vizuri, nikaichomeka, ikafunguka na mishahara yote imo. Vidude hivi ni vigumu kufa kuliko vinavyoonekana. Hesabu kwamba yako ni nzima mpaka uione imevunjika kwa macho yako.

Kabla ya mengine yote, rudi steshenari. Usipige simu, nenda kwa miguu yako. Kwa uzoefu wangu flashi nyingi "zilizopotea kwenye daladala" hazikuwahi kupanda daladala, zilibaki zimechomekwa nyuma ya kompyuta ya kuprintia, kwenye yale matundu ambayo mteja hayaoni. Omba waangalie huko, kisha omba wakuonyeshe droo au kopo wanamoweka zilizosahauliwa. Karibu kila steshenari inalo, na mara nyingi limejaa.

Ukiwa hapo hapo, hata kama flashi hujaiona, angalia kioo cha ile kompyuta. Vijana wa steshenari wana kawaida ya kuvuta faili la mteja wakaliweka kwenye uso wa kompyuta ndipo waprinti, kwa sababu flashi nyingine huchelewa kufunguka. Hawafanyi hivyo kwa ubaya. Lakini mteja akiondoka faili linabaki pale, katikati ya barua za maombi ya kazi na kadi za harusi za watu wengine, na kila anayekuja kuprinti analiona jina lake. Mwombe alifute mbele yako, kisha alifute tena kwenye pipa la taka la kompyuta. Unaona ninakokwenda: taarifa za wanachama wako zinaweza kuwa zilianza kuvuja kabla flashi haijapotea, na zingeendelea kuvuja hata kama ingepatikana usiku ule ule.

Ukishindwa kuipata hapo, pita kituoni kwa makonda wa njia yako, acha namba ya simu, na ahidi kitu kidogo kwa atakayeileta. Kisha polisi ukachukue taarifa ya upotevu. Hawatakutafutia flashi. Ile karatasi inakusaidia kuonyesha kwamba ulitoa taarifa tarehe fulani, na huko mbele unaweza kuihitaji.

Sasa, nani anaweza kuwa ameiokota? Watu hupenda kuwaza mwizi mjuzi mwenye kofia. Ukweli ni wa kawaida zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani waliwahi kudondosha flashi 297 kwa makusudi kwenye maeneo ya chuo, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Karibu zote ziliokotwa, na angalau asilimia 45 zilichomekwa na faili kufunguliwa. Ya kwanza ilifunguliwa kabla ya dakika sita kwisha. Wengi walioulizwa walisema walikuwa wanamtafuta mwenyewe wamrudishie, ila baadhi yao walianza kwanza na picha za likizo kabla ya kugusa CV, iliyokuwa na jina la mwenyewe. Ndivyo tulivyo binadamu, mikono inatangulia nia. Jambo moja la kutia moyo: zilizokuwa na kibandiko cha mahali pa kurudishia zilifunguliwa kidogo kuliko nyingine.

Kwa hiyo dau langu ni kwamba flashi yako iko kwa kijana aliyeichomeka akitafuta nyimbo, akakuta majedwali, akafuta ili aweke muziki wake. Lakini dau siyo ushahidi. Oktoba 2017 mtu mmoja aliokota flashi barabarani magharibi mwa London, akaenda kuitazama kwenye kompyuta ya maktaba. Ilikuwa ya uwanja wa ndege wa Heathrow, ina mafaili zaidi ya 1,000, haina nywila wala kinga yoyote. Akaipeleka gazetini. Mwaka uliofuata mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza iliutoza uwanja faini ya pauni 120,000. Mafaili yenye taarifa binafsi za watu yalikuwa sehemu ndogo sana ya yote, kama asilimia moja, na hiyo asilimia moja ilitosha.

Turudi kwako. Chukua karatasi, kaa sebuleni, uandike kila kilichokuwemo kwa kadiri unavyokumbuka, pamoja na ulivyovifuta. Kazi hii inachosha na watu huiruka, lakini bila hiyo hujui unamwonya nani kuhusu nini. Kama una kompyuta uliyokuwa unaitumia na flashi hiyo, ifungue uone nakala zilizobaki, zitakukumbusha mengi. Angalia hasa kama lilikuwemo faili la maandishi lenye nywila zako za barua pepe au za mfumo wa kikundi. Likiwemo, acha kusoma hapa, nenda kabadilishe hizo nywila kwanza, ndipo urudi.

Umenitajia kinga tatu, na kwa bahati mbaya mbili hazina nguvu.

Folda iliyofichwa. Kuficha kwenye Windows ni kuweka alama ndogo inayosema "usionyeshe". Mtu anabofya sehemu moja tu na folda inajitokeza. Akiichomeka flashi kwenye simu ya Android kwa waya wa OTG, kwa kawaida hata hiyo kubofya haihitaji, folda inaonekana kama nyingine. Isitoshe, kila aliyewahi kusumbuliwa na kile kirusi kinachogeuza mafaili kuwa njia za mkato anajua kufichua vilivyofichwa, kwa sababu ndivyo tunavyookoa mafaili yaliyoshambuliwa. Kwa hiyo zile picha za vitambulisho zihesabu kuwa ziko wazi.

Ulivyofuta zamani. Hapa wengi hukataa kuniamini. Ukifuta faili kwenye flashi, kompyuta haigusi yaliyomo. Inakwenda kwenye orodha ya mafaili, inatia alama kwamba nafasi ile sasa ni wazi, basi. Ni kama mwenyekiti wa mtaa akate jina la mpangaji kwenye daftari huku mpangaji mwenyewe bado amelala chumbani. Atatoka siku faili jingine litakapoandikwa juu yake, na kwenye flashi yenye nafasi tele siku hiyo inaweza isifike kwa miaka. Programu za bure kama Recuva na PhotoRec zinapita chumba kwa chumba zikiwaamsha wapangaji. Hata kufomati kwa haraka ni kuanzisha daftari jipya tu. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitoa matokeo ya diski 158 walizozinunua zikiwa zimetumika. Katika 129 zilizokuwa zinafanya kazi, 69 bado zilikuwa na mafaili yanayorejesheka, na ndani yake wakakuta zaidi ya namba 5,000 za kadi za benki. Wenye diski hizo walidhani wameuza chuma kitupu.

Jedwali lenye nywila. Hili ndilo lenye matumaini, ila inategemea ulifanya nini. Kwenye Excel kuna kufuli mbili tofauti na watu huzichanganya. Moja inazuia mtu asibadilishe karatasi: jedwali linafunguka, linasomeka, lakini ukijaribu kuandika linakataa. Hiyo haifichi kitu. Nyingine inaomba nywila kabla jedwali halijafunguka kabisa. Hiyo, kwenye mafaili ya kuanzia Office ya 2007, inasimba kweli, yaani inageuza yaliyomo kuwa mchafuko usiosomeka bila nywila. Kama yako ni ya aina hii na nywila ni ndefu, jedwali lako liko salama kwa kiasi kikubwa. Lakini kama nywila ni jina la kikundi na mwaka, usiitegemee. Ukikosea PIN ya simu mara tatu mtandao unakufungia. Faili halifungi mtu. Kompyuta inaweza kubashiri usiku kucha, na hakuna wa kuiambia basi.

Unaweza kuuliza, salio la mkopo la mwanachama wa Kihonda litamsaidia nini mtu baki? Litamsaidia hivi. Ujumbe wa kitapeli tunaoujua wote, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", unaishia kuchekwa kwa sababu mtumaji hajui lolote kuhusu wewe. Sasa fikiria mwanachama wako anapigiwa saa moja jioni: "Mama, habari za jioni, napiga kutoka kikundi. Kwenye mkopo wako umebakiza laki tatu na arobaini, mdhamini wako ni yule jirani yako. Namba ya kikundi ya kulipia imebadilika kuanzia leo, ukilipa kabla ya Jumamosi faini tunakufutia." Salio ni sahihi. Jina la mdhamini ni sahihi. Yule mama hana sababu ya kushtuka, atatuma, na atakuja mkutanoni akidai amelipa. Hapo ugomvi utakuwa wa kikundi kizima, na wewe katibu utakuwa katikati.

Namba ya NIDA nayo inasema zaidi ya tunavyodhani. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Sasa niambie ni wanachama wangapi PIN yao ya kutoa pesa kwenye simu ni mwaka wa kuzaliwa. Aliyeokota flashi hawezi kutoa pesa kwa PIN peke yake, anahitaji na simu. Lakini ikiwa aliyeiokota ni mtu wa karibu, kijana wa nyumba ya jirani au mfanyakazi wa dukani, simu siyo kikwazo kikubwa. Namba ya NIDA peke yake haimsajilii mtu laini, maana usajili unataka alama ya kidole. Hata hivyo namba ikiambatana na picha ya kitambulisho na namba ya simu inatosha kumfanya tapeli asikike kama afisa wa kweli, na zipo huduma za mikopo ya mtandaoni zinazoomba picha ya kitambulisho.

Picha za watoto wako sitazitia chumvi. Nyingi hazitamvutia mtu. Kumbuka tu kwamba sare hutaja shule, na picha iliyopigwa kwa simu yenye kutunza mahali hubeba ndani yake ramani ya pale ilipopigwa, mara nyingi nyumbani.

Sasa kwa mwenyekiti. Mwambie kwa heshima zote kwamba kunyamaza ndiko kutakakomfaidi tapeli peke yake. Ule utapeli wa simu ya jioni unafanya kazi kwa mtu asiyejua kwamba flashi imepotea. Akishajua, salio sahihi linageuka kuwa dalili ya mwizi. Mimi ningetuma ujumbe leo, siyo baada ya kikao:

"Ndugu mwanachama, Alhamisi flashi ya kikundi ilipotea. Ina jina lako, namba ya simu, namba ya NIDA, picha ya kitambulisho, jina la mdhamini na salio la mkopo. Namba za malipo za kikundi HAZIJABADILIKA. Mtu akikupigia kuhusu mkopo, hata akitaja salio sahihi, usitume hela. Kata simu, mpigie katibu au mweka hazina kwa namba unayoijua. Kama PIN yako ni mwaka wako wa kuzaliwa, ibadilishe leo. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040."

Usiongeze maneno ya ofisini ya "usumbufu wowote uliojitokeza". Taja vitu vilivyokuwemo kwa majina, maana mtu hawezi kujilinda na "baadhi ya taarifa". Wale wazee wasiosoma ujumbe wapigie, au mtume mjumbe wa karibu nao. Watakaokasirika wana haki ya kukasirika.

Upo pia upande wa sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kikundi kinachokusanya na kutunza taarifa za watu ni "mkusanyaji" kwa lugha ya sheria hiyo, hata kama ofisi yenu ni meza moja na daftari. Mkusanyaji anatakiwa azilinde, na usalama wake ukivunjika aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Andikeni barua fupi: kilichopotea, lini, taarifa za watu wangapi, mmefanya nini. Ambatanisheni ile taarifa ya polisi. Wasomaji wa Kenya, kwenu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa saa 72 kumjulisha Kamishna pale penye hatari ya kweli ya madhara. Imeweka na nafuu moja: data ikiwa imesimbwa ipasavyo, hulazimiki kuwajulisha wahusika mmoja mmoja. Kusimba, basi, ni ulinzi wa wanachama na wa katibu pia.

Namna ya kusimba ni hii. Windows za Pro zina BitLocker ndani yake: unabofya flashi kwa kitufe cha kulia, unawasha BitLocker, unaweka nywila, unasubiri. Windows za Home haziwezi kuisimba flashi lakini zinaifungua iliyokwisha kusimbwa. Asiye na Pro atumie VeraCrypt, ni ya bure. BitLocker itakupa ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Uprinti, akae nao mweka hazina kwenye bahasha, maana ukisahau nywila na ufunguo huna, hata mimi sitakusaidia. Na nakala ya jedwali ibaki sehemu nyingine daima. Flashi ni ya kubebea, siyo ya kutunzia.

Nywila iwe sentensi, siyo neno. Juni 2022 mfanyakazi wa kampuni iliyokuwa kwenye kazi ya jiji la Amagasaki, Japani, alikwenda kunywa baada ya kazi, akalala barabarani, akaamka hana begi. Ndani kulikuwa na flashi yenye taarifa za wakazi wote wa jiji, wapatao 460,000. Bahati ilikuwa imesimbwa. Kisha ofisa mmoja, akijibu waandishi wa habari, akataja kwamba nywila ina herufi na tarakimu 13. Mtandaoni watu wakaanza kuhesabu kwa vidole: Amagasaki2022 ni 13 kamili. Flashi ilipatikana siku chache baada ya kupotea, lakini nadhani wale maofisa walizeeka mwaka mzima ndani ya wiki moja. Kwa hiyo isiwe jina la kikundi na mwaka.

Tatizo ni kwamba iliyosimbwa haifai kwenda nayo steshenari, maana hata ikifunguka huko usiandike nywila yake kwenye kompyuta ya watu. Ndiyo maana nashauri flashi mbili. Moja imesimbwa, haitoki nyumbani au ofisini. Ya pili ni ya kuprintia tu, ile ya bei rahisi kabisa: unaweka PDF ya taarifa ya mwezi, ukurasa unaotakiwa na hakuna kingine, na haijawahi kubeba jedwali tangu iliponunuliwa. Bandika juu yake namba ya simu, bila jina la kikundi. Na kama huwa unawatumia steshenari faili kwa WhatsApp, jua kwamba nalo linabaki kwenye simu yao.

Ikirudi, na huenda ikarudi, mshukuru aliyeileta na umpe ahadi yake. Usiichomeke haraka kwenye kompyuta ya kikundi, hujui imepita kwenye mashine gani na imerudi na nini. Ipeleke kwa fundi aiangalie kwanza. Ujumbe uliowatumia wanachama usiutengue, kwa sababu faili hunakiliwa kwa dakika moja na flashi haibaki na alama ya kukuonyesha. Ukishachukua unachohitaji, ivunje kwa nyundo, kile kipande cheusi chembamba cha ndani kipasuke vipande viwili.